Chombo Chenye Majibu Mawili

Ndani ya mkebe wa hisabati, kila kifaa kina kauli moja. Rula ikionyesha sentimita 7, ni 7. Bikari huchora duara kulingana na upana ulioifungulia, basi. Kipimapembe peke yake ndicho hujibu swali moja mara mbili. Kilaze juu ya pembe, nao mkono wa pembe hiyo utapita mahali palipoandikwa namba mbili: 50 kwenye safu moja, 130 kwenye nyingine. Zote zimechapwa kwa wino uleule, na chombo hakisemi ipi ni yako. Wanafunzi wanaoanza hukilaumu kwa hilo. Mimi nakisifu kwa hilohilo.

Namba hizo mbili hazikuwekwa kwa kutesa watoto. Duara zima lina nyuzi 360, hesabu tuliyorithi kwa watu wa Babeli waliohesabu kwa sitini sitini. Kipimapembe ni nusu duara, kwa hiyo kina nyuzi 180. Pembe inaweza kuanzia kulia au kushoto. Ndiyo maana safu moja ya namba huanza na 0 upande huu na ya pili huanza na 0 upande ule. Popote utakapoweka kidole, namba mbili zinazokutana hapo zikijumlishwa zitakuwa 180.

Kazi yenyewe haina mambo mengi. Tafuta alama ya kitovu katikati ya upande ulionyooka, uiweke juu ya ncha ya pembe. Zungusha chombo mpaka mstari wa sifuri ulale juu ya mkono mmoja. Hapa ndipo wengi huteleza: hulaza ukingo wa plastiki juu ya mkono, ilhali katika vipimapembe vingi mstari wa sifuri uko milimita chache ndani ya ukingo. Kisha anza na ile 0 iliyo juu ya mkono huo, fuata safu yake, 10, 20, 30, mpaka ukutane na mkono wa pili. Tazama kutoka juu moja kwa moja, maana ukitazama kwa ubavu namba husogea. Penseli nayo iwe imechongwa. Mstari mnene unaweza kumeza nyuzi nzima.

Lakini kabla ya hatua hizo kuna moja ambayo mwalimu mzuri haiachi. Huwaambia watoto waweke vipimapembe chini na kuwauliza: pembe hii inazidi kona ya daftari au haifiki? Kona ya daftari ni pembe mraba, nyuzi 90. Isiyofika hapo ni pembe kali. Inayozidi ni butu. Mtoto akishajibu, 50 na 130 haziwezi tena kumchanganya. Jicho limeshakata shauri, chombo kinakuja kuongeza usahihi ambao jicho halina. Anayeanza na namba kabla ya kutazama hana njia ya kujua kwamba amepotea.

Jambo la pili ambalo chombo hiki hufundisha ni kwamba pembe haikui kwa urefu wa mikono yake. Mikono ikiwa mifupi haifikii namba, na mwanafunzi hukwama. Achukue rula airefushe. Nafasi kati ya mikono itapanuka, lakini nyuzi zitabaki zilezile, kwa kuwa kinachopimwa ni mgeuko, wala si urefu. Kurefusha mikono hakuongezi pembe. Kunaongeza uwezo wetu wa kuiona.

Mafundi wa paa wanalijua hilo bila kuandikiwa ubaoni. Nyumba ya msonge iliyoezekwa kwa nyasi, kama zile za vijijini West Nile, Uganda, husimamisha paa lake, kwa sababu nyasi zinataka mteremko wa nyuzi 45 hivi au zaidi ili mvua iteremke kabla haijapenya. Mabati yanaridhika na mteremko mdogo. Ndiyo maana fundi hukata kenchi ya kwanza kwa uangalifu na kuzilinganisha nyingine zote nayo. Kosa la nyuzi 2 kwenye daftari halionekani kwa urahisi. Kwenye mbao ya mita 4 hupandisha au hushusha ncha kwa sentimita 14, na hapo hata mpita njia ataliona.

Pembe inapotoka nje ya daftari, inageuka kuwa uwezo wa kupima mahali usipoweza kufika. Chukua mwembe ulio ng'ambo ya mto Enyau, Arua. Huku upande wako pima mstari wa mita 50, usimame kila mwisho na kupima pembe kati ya mstari huo na mwembe. Tuseme umepata nyuzi 60 upande mmoja na 80 upande wa pili. Chora mstari wa sentimita 10 kwenye karatasi, sentimita 1 kwa kila mita 5, uweke pembe hizo mbili, mikono itakutana. Upande mrefu utakuwa na sentimita 15 na kidogo. Mwembe uko mita 76 au 77 kutoka mwisho wenye nyuzi 60, nawe hujalowa maji.

Hivyo ndivyo nchi zilivyopimwa, kilima kwa kilima. Lakini si wote waliochora nchi walianza kwa kutazama. Mwaka 1894 Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold wa 2 wa Ubelgiji ardhi kati ya Nile na longitudo ya nyuzi 30 mashariki, iliyokuja kuitwa Lado. Mahali palipo Arua na Koboko leo palikuwa ndani yake, kwa kuwa mstari huo unapita kama kilomita 100 magharibi ya Arua. Namba 30 ni safi mezani. Haikuuliza Walugbara wala Wakakwa, wenyeji wa huko, wanaishi wapi. Leopold alikufa 1909, Lado ikaingia mikononi mwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Mpaka wa leo na Kongo upande huo haufuati ile namba. Unafuata mahali maji yanapogawana, haya yakielekea Nile na yale yakielekea Kongo. Hata hivyo Wakakwa wamegawanyika kati ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Kukosa kutazama kwanza kuna gharama kubwa kuliko alama ya mkasi kwenye daftari.

Arua na Koboko zenyewe ni pembe, kwa maana latitudo ni pembe kutoka ikweta kwenye kitovu cha dunia. Arua iko nyuzi 3 kaskazini, Koboko karibu nyuzi 3.4. Safari ya kilomita 55 hivi kwa barabara ni chini ya nusu ya nyuzi, pungufu kidogo ya upana wa jua lenyewe jinsi tunavyoliona angani. Kipimapembe cha mwanafunzi, chenye alama moja kwa kila nyuzi, hakiwezi kutenganisha miji hii miwili. Hiyo nayo ni adabu ya chombo: kinakuonyesha mahali uwezo wake unapokoma.

Basi wanafunzi na wachukue umbali mrefu zaidi. Karibu tarehe 21 Machi, usiku na mchana vinapolingana, jua la adhuhuri huwa juu ya ikweta. Wanafunzi wa Arua wasimike mti wima uwanjani na kungoja kivuli kiwe kifupi kabisa. Wasiharakie saa sita: saa ya Afrika Mashariki inafuata longitudo ya nyuzi 45, Arua iko karibu nyuzi 31, na dunia huzunguka nyuzi 1 kwa dakika 4, hivyo adhuhuri ya kweli siku hiyo huja saa saba na dakika chache. Wafunge uzi kutoka kilele cha mti hadi ncha ya kivuli na kupima pembe iliyo kati ya mti na uzi. Watapata nyuzi 3. Wenzao wa Mbeya, Tanzania, wakifanya vivyo hivyo watapata 9. Eratosthenes, Mgiriki wa kale, alitumia njia ya namna hii kupima mzingo wa dunia miaka zaidi ya 2,200 iliyopita kati ya Aleksandria na Aswan, mji ambao maji ya mto Enyau huupitia yakiisha kumezwa na Nile.

Kutoka Arua hadi Mbeya, kwa kuhesabu kusini na kaskazini tu, ni kama kilomita 1,320. Sasa namba ni mbili tena, 3 na 9, na lazima mtu aamue: kujumlisha au kutoa? Karatasi haisemi. Uwanja unasema: kivuli cha Arua kilielekea kaskazini, cha Mbeya kusini, kwa hiyo jua lilikuwa katikati yao na pembe zinajumlishwa kuwa 12. Nyuzi 12 zimo mara 30 katika duara; 30 mara 1,320 ni kilomita 39,600, karibu kabisa na mzingo wa kweli wa dunia, ambao ni kama 40,000. Ambaye hakutazama kivuli kimelala upande gani atatoa, apate 6, na mahesabu yake, yote yakiwa sawasawa, yatampa dunia yenye ukubwa mara mbili.