Harris Hataki Kusamehe

Wanaume wawili wamekaa chini ya miti kando ya mto Thames, wanakula mkate na jamu. Mashua yao imefungwa hapo karibu. Anatokea jamaa mmoja na kuwauliza kama wanajua wameingia shamba la wenyewe. Wanamkaribisha jamu, anakataa. Anasema kazi yake ni kuwafukuza. Harris, ambaye ana mwili, anamuuliza kwa upole atawafukuza vipi. Jamaa anaenda kumuuliza bosi wake, na harudi tena.

Halafu yanaanza yale mazungumzo yaliyonifanya nitoe shilingi 100 kwa muuza vitabu vya mtumba, Nairobi, baada ya kusimama pale nikisoma bure kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. J., ambaye ndiye msimulizi, anasema kila akiona kibao cha kuzuia watu, hutamani kumpiga nacho kichwani aliyekisimamisha mpaka afe, kisha amzike na kukiacha kibao kiwe alama ya kaburi. Harris anasema yeye angeendelea: angeua familia nzima, marafiki na ndugu wa mbali, kisha achome nyumba. J. anashtuka. Hiyo imezidi, ndugu yangu. Harris anajibu kwamba haijazidi hata kidogo, na tena angeenda kuimba nyimbo za kuchekesha juu ya majivu. Inabidi J. amhubirie sana kuhusu kuacha kisasi, na mwishowe Harris analegea: atawaacha marafiki na ndugu wa mbali, na kuimba hataimba.

Hebu soma mapatano hayo tena. Familia ya karibu bado haijasamehewa. Mwenye kibao bado ni maiti. Na anayehubiri msamaha ni yule yule aliyekuwa ameua na kuzika dakika mbili zilizopita. Kisha J. anatugeukia na kusema kwamba kama tungewahi kumsikia Harris akiimba, tungejua amewafanyia wanadamu wema mkubwa. Manze, nilicheka pale barabarani mpaka muuzaji akaniuliza kama niko sawa.

Kitabu ni Three Men in a Boat cha Jerome K. Jerome, kilichotoka mwaka 1889. Marafiki watatu, J., George na Harris, pamoja na mbwa aitwaye Montmorency, wanakodi mashua pale Kingston ili wapige makasia mpaka Oxford na kurudi, wiki mbili, kwa sababu wamejishawishi kwamba ni wagonjwa wa uchovu. Kazi nyingi hawana. Wanagombana kuhusu kupakia mizigo, kuhusu nani avute kamba, kuhusu kopo la mananasi walilosahau kifungulio chake. Hakuna zaidi ya hapo, na miaka zaidi ya 130 baadaye bado watu wanakichapisha.

Sasa, mimi ni wa Kitui kwa baba na Makueni kwa mama. Kati ya pande hizo mbili kuna mto Athi, ambao kwa kweli una maji mwaka mzima. Mito mingine tuliyokua nayo, Nzeeu, Tiva, Thua, Kaiti, ni barabara za mchanga. Unachimba, unangoja, maji yanajaa polepole, unachota kwa kikombe, punda anabeba. Watu wetu wamejenga kuta za mawe na saruji kukatiza mito hiyo ili mchanga ujae nyuma yake na kuficha maji jua lisiyanywe. Mabwawa ya mchanga, mamia ya hayo. Mchanga wenyewe ni mali kiasi kwamba mwaka 2015 Makueni ilitunga sheria ya kuulinda. Kwa hivyo kitabu kuhusu wazungu watatu wanaoenda mtoni kupumzika kilipaswa kuwa kigeni kwangu kama theluji. Mtoni kwetu ni mahali pa kazi, na kazi yenyewe ya mgongo.

Lakini tulikuwa na silanga.

Mvua za Novemba zikiwa nzuri, silanga ya kijiji ilijaa mpaka ikafika kwenye minyaa. Mwaka mmoja mimi na binamu zangu wawili tulichukua mitungi sita ya lita 20, tukaifunga kwa kamba ya katani, tukaweka mbao juu. Tulikuwa watu watatu kwenye mashua bila kujua kuna mtu alishatuandika. Tuligombana kuhusu nahodha. Tuligombana kuhusu jina la chombo. Tulifika katikati, fundo moja likafunguka (fundo langu, kulingana na binamu mkubwa), mitungi miwili ikaenda zake na sisi tukarudi tukipiga maji kama mbwa. Mitungi ilikuwa ya susu. Usiku huo alitucheka kwanza ndipo akatuchapa, na mpaka leo ananiita mume wake asiyejua kufunga mzigo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Jerome ni mchekeshaji tu wa starehe za watu wazungu. Wakosoaji wa wakati wake walimdharau kwa sababu nyingine: alikuwa mtu wa chini. Gazeti la vichekesho la Punch lilimbandika jina la 'Arry K. 'Arry, kwa kejeli ya matamshi ya walalahoi wa London. Baba yake alikufa akiwa na miaka 13, mama akamfuata miaka miwili baadaye, shule ikaishia hapo, akaenda kuokota makaa kwenye reli. Mashua yenyewe aliijua vizuri; alikuwa ametoka fungate kwenye mto huo huo. Marafiki wake wa kitabuni walikuwa makarani, watu wa mshahara na likizo za kuhesabu. Kulikuwa na kelele kwamba watu wa aina hiyo hawafai kujaza mto wa waungwana. Vibao vya Harris vina historia.

(Na kwa ndugu zangu waandishi wa kujitegemea: kwa hesabu yake mwenyewe, wachapishaji wa Marekani waliuza nakala zaidi ya milioni bila idhini yake. Mkilalamika kuhusu malipo yaliyochelewa, jueni mko kwenye ukoo mrefu.)

Kejeli za namna hiyo tunazijua. Nani hajakaa Nairobi akaambiwa, "Ongea basi kama Mkamba, tucheke"? Nimecheka mara nyingi kwa sababu asiyecheka anaitwa mgumu. Tunachoombwa pale kinaitwa uvumilivu, na kinaombwa upande mmoja tu. Jerome anafanya tofauti, na ndiyo nguvu ya kitabu: anayechekwa zaidi ni J. mwenyewe. Angalia suala la boti za mvuke. Akiwa na makasia anazichukia, anafurahia kuziziba njia makusudi mpaka zipige honi na kutukana. Sura chache mbele, rafiki mwenye boti ya mvuke anawavuta kutoka Reading, na J. huyo huyo analalamika kuhusu hivi vimashua vya makasia vinavyojaa njiani, mbona hakuna anayevidhibiti? Haoni mgongano wowote. Sisi ndio tunaouona, na tunaona pia sisi wenyewe: ukitembea unalaani bodaboda, ukipanda bodaboda unalaani wanaotembea.

Pwani wana namna zao za jambo hili. Kule Makunduchi, Unguja, kila Julai wakati wa Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa vipande vya migomba ili kinyongo cha mwaka kitoke. Na Tanzania nzima wana utani wa makabila, Mchaga na Mpare, ambapo mtani anaweza kukufokea hata msibani na huruhusiwi kununa. Ukisoma Three Men ukiwa na utani kichwani, unaona kwamba wale watatu hawaombani msamaha hata mara moja katika kitabu kizima. George anamtukana Harris, Harris anakalia siagi, wanapiga lile kopo la mananasi kwa mlingoti mpaka linapata sura ya kuwacheka, Harris analitupa mtoni, wanalilaani wote pamoja, na baada ya hapo wako sawa. Kisasi kimeishia kwenye kopo.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika katika kukipenda nilipogonga sura ya 16.

George anaona kitu cheusi kikielea. Anainama kukishika, anapiga kelele na kurudi nyuma. Ni maiti ya mwanamke. Watu wa ukingoni wanaichukua, na baadaye J. anapata habari zake: alipenda mtu, akapata mtoto, nyumbani wakamfungia mlango, akajaribu kuishi kwa kibarua ambacho nusu ya ujira iliishia kwa mlezi wa mtoto, akashindwa, akaja mtoni pale Goring. Jerome anaacha mzaha kabisa. Anamwombea msamaha yeye na wenye dhambi wengine, huku akichomeka swali dogo kama kweli wapo wengine, mchomo kwa wale waliofunga mlango. Kisha aya inayofuata inatuambia Goring na Streatley ni mahali pazuri pa kukaa siku kadhaa. Na sura inayofuata wanafua nguo mtoni.

Wengi wamesema hapa kitabu kinavunjika, kwamba huzuni imebandikwa tu. Mimi nina lawama nyingine. Siku za mwisho, wakirudi chini kwenye mvua, wanapita Goring tena. Inatajwa kwa nusu sentensi, wakipanga watalala wapi. Mwanamke hatajwi. Maili chache mbele, Pangbourne, wanachoka na mvua, wanaiacha mashua na kutorokea London kwa treni, wanakula chakula kizuri. Msamaha aliompa ulikuwa wa maneno mazuri na wa haraka, na haukumgharimu chochote. Kumsamehe maiti ni rahisi. Hawezi kukuuliza ulikuwa wapi.

Nasema hivi kwa ukali kwa sababu mimi nilifanya vibaya kuliko Jerome.

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya wa Kanisa Katoliki kutoka Mwingi likielekea harusi Nuu lilijaribu kuvuka mto Enziu ukiwa umefurika. Zaidi ya watu 30 walikufa. Nchi nzima iliona video: basi linaingia, linasimama, linalala ubavu. Mimi nilikuwa Nairobi, chuo nilikuwa nimeacha miezi michache, baba hanisemeshi, nashinda kwenye simu nikijenga jina kama mtu wa maneno makali. Kabla ya saa moja jioni niliweka kwenye stetasi mzaha kuhusu Wakamba na maji. Sitaurudia hapa. Nilidhani nina haki nao, si ni watu wangu? Ulikaa dakika 40.

Binamu yangu mkubwa, nahodha wa mitungi, anafanya kazi Mwingi. Kwenye ile kwaya alijua watu. Hakuniandikia kitu. Aliuona tu, jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliouona, nikaufuta. Niliomba radhi kwa ujumbe mrefu, mzuri, wenye aya. Nadhani ulikuwa na hata tashbihi. Alama mbili za bluu, kimya. Krismasi hiyo alikuja nyumbani na kula muthokoi meza moja na mimi bila kunitazama.

Kwa hivyo nadharia yangu ya utani ina tundu, na sitaliziba. Mtani wa msibani huja msibani. Anabeba jeneza, anachimba kaburi, anapika, na katikati ya hayo ndipo anatukana. Mzaha wake umelipiwa kwa jasho. Wa kwangu uliandikwa kitandani. Wale watatu wa Jerome wanaweza kutukanana kwa sababu wako mashua moja, mvua ikinyesha inawanyeshea wote, na George akilala vibaya mguu wake uko tumboni mwa Harris. Mwanamke wa Goring hakuwa kwenye mashua. Ndiyo sababu mzaha ulipomfikia haukuwa na la kusema, na Jerome, kwa heshima yake, alijua anyamaze. Kosa lake ni kwamba alinyamaza aya chache tu.

Bado nakipendekeza kitabu, kirukeni tu pale anapoanza kuimba kuhusu usiku na nyota, amezidisha sukari. Na msikisome kama kitabu cha watu wenye raha. Hakuna ukurasa ambao wana raha kwa muda wa kunywa chai. Raha yao iko kwenye kusimulia baadaye, na nadhani hilo hata baba yangu analielewa, maana ile siku alipoanza kunisemesha tena, mwaka jana, alianza na hadithi ya punda aliyemwangusha Nzeeu akiwa darasa la sita. Kuhusu chuo hakusema neno.

Binamu nilimpa nakala yangu Agosti. Nilimwambia aanze na mananasi. Baada ya wiki tatu kimya akanitumia picha ya kitabu kikiwa juu ya mtungi wa njano, na chini yake ameandika: "Hawa jamaa wanapigia kelele kopo moja. Wewe mitungi yangu miwili unalipa lini?"

Nilimjibu kwamba ilikuwa ya susu. Akasema riba ni yake.