Cheche kwa Wakati Wake

Katika injini ya Lycoming ya silinda 4, ipendwayo sana na Wamarekani wanaojijengea ndege nyumbani, cheche haisubiri pistoni ifike juu. Huwahi, mara nyingi krenki ikiwa imebakiza digrii 25, kwa kuwa moto nao unahitaji muda wa kuenea ndani ya silinda. Injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, digrii moja hupita ndani ya sehemu moja ya 14,400 ya sekunde. Huko ndiko fundi wa taimingi anakotafuta hitilafu, mahali ambapo jicho halifiki. Kazi hiyo inastahili sifa zaidi kuliko inavyopewa.

Mwaka 1903, katika injini ambayo Charlie Taylor aliwaundia ndugu wa Wright, wakati wa cheche ulirekebishwa ndege ikiwa bado chini. Baadaye magneto za ndege ndogo, vifaa vinavyojizalishia umeme wa cheche, zilizoea kupiga cheche kwa digrii ileile safari nzima, bila kuhitaji betri. Mfumo wa kielektroniki, kinyume na magneto, huusogeza wakati wa cheche kulingana na kasi ya injini na shinikizo la hewa inayovutwa. Huokoa mafuta na kurahisisha kuwasha, ila pia huongeza sehemu zinazoweza kudanganya.

Fundi stadi hatangulizi spana. Kwanza husoma joto. Cheche ikiwahi kupita kiasi, vichwa vya silinda hupanda joto na moshi wa ekzosi hupoa. Ikichelewa, hali hugeuka. Akishajua kosa limeegemea upande gani, ndipo huwaita washukiwa mmoja mmoja. Mpira mwembamba unaopeleka shinikizo la hewa kwenye kihisi ukipasuka, mfumo hudhani injini imebeba mzigo mzito, ukachelewesha cheche. Kihisi cha krenki kikilegea, taarifa huyumba. Waya wa hasi ukishika kutu, hitilafu huja na kutoweka, na hiyo ndiyo inayochosha kuliko zote. Betri ikiwa dhaifu, starta huimeza volti yake, cheche ikapiga ovyo na injini ikarushwa kinyumenyume.

Kabla ya kugusa propela huchomoa plagi, maana cheche moja tu yatosha kumkata mkono. Kisha hubadilisha kitu kimoja, hupima kwa taa ya taimingi, huandika, ndipo huendelea. Akibadilisha vitu viwili kwa pamoja na injini ikatulia, hajui kilichoiponya. Na asichokijua atapaa nacho, kwenye anga isiyo na kando ya barabara ya kuegesha.

Uadilifu huo una uzito wa pekee kwa anayejijengea ndege nyumbani. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, huweza kumpa aliyeijenga ndege cheti cha kuifanyia ukaguzi wa kila mwaka. Hapo mwenye mali, fundi na mkaguzi huwa mtu mmoja, na mara nyingi ndiye rubani pia. Hana wa kumkemea akijiambia kwamba injini "inaonekana sawa". Kinachomzuia ni mazoea yake ya kutokubali jibu ambalo hajalipima. Mazoea hayo hayauzwi pamoja na kifaa chochote. Hujengwa kwa kazi, na abiria anayeketi kando yake huyategemea hata kama hajawahi kuyasikia.