Heko kwa Fundi Rangi

Mafundi rangi wa Dar es Salaam hatuwasifu vya kutosha. Mwenye nyumba huja na picha kwenye simu, anataka sebule ya kijivu kama ile, basi. Fundi ndiye anayejua kwamba kijivu cha nyeupe na nyeusi tupu huelekea kwenye bluu, na ukutani huonekana kama plasta ambayo haijapakwa kitu. Kwa hiyo hutia njano kidogo na kahawia kidogo, anakoroga kwa kijiti, anaongeza tone kwa tone, maana nyeusi ikishazidi haitoki. Hupaka kipande ukutani, akasubiri kikauke, kwa kuwa rangi ya maji kwa kawaida hukolea ikikauka. Kisha huuliza jambo ambalo wengi hatulifikirii: taa zenu ni nyeupe au za njano? Chini ya taa nyeupe kali, lile joto la kahawia hufifia. Chini ya taa ya njano, kijivu kilekile hukaribia krimu.

Kwenye kuoanisha ndiko ninakowavulia kofia. Mlango wa mninga, na wekundu wake, hupatana sana na kijivu hiki. Dari nyeupe pe hukifanya kionekane kichafu, hivyo fundi mzuri hushauri nyeupe inayokaribia krimu. Mapazia? Hapo fundi mwenye busara huenda kula.

Mlipeni kwa wakati, jamani, na siku ya kujaribu rangi muihesabu kuwa siku ya kazi.