Marafiki Watatu wa Ayubu

Mtu akipatwa na msiba, watu huja. Huketi, huinamisha vichwa, hutoa pole. Na baada ya pole, mara nyingi, huanza kutafuta sababu. Amekosa nini mtu huyu? Amemdhulumu nani? Swali hilo ni la kale, wala si la taifa moja. Wakristo nao wamelirithi, na jawabu ambalo wengi wao wamelitoa ni kwamba taabu ya mtu yatokana na dhambi yake. Nataka tulitazame jawabu hilo katika kitabu kilicholipima kwa ukali kuliko kingine chochote cha Biblia, yaani Kitabu cha Ayubu. Nacho tukihukumu kama tunavyohukumu kazi yoyote ya mtungaji stadi, kwa maneno anayowapa watu wake na kwa mahali anapowaweka.

Wengi wadhani wanakijua. Ayubu ni jina la subira. Hata Waislamu wa pwani yetu wamjua Nabii Ayubu, na utenzi wa kale wa Kiswahili wasimulia mateso yake na uvumilivu wake. Lakini afunguaye kitabu cha Biblia chenye sura 42 ataona kuwa subira hiyo hukaa katika sura mbili za kwanza tu. Katika sura ya tatu Ayubu ailaani siku aliyozaliwa, na tangu hapo hadi sura ya 31 alalamika, abisha, adai kufikishwa mbele ya Mungu ili ajitetee. Aliyejua subira peke yake hakusoma kitabu. Amesoma mlango wake.

Mlango huo umejengwa kwa akili. Mtungaji aanza kwa kutuambia kuwa Ayubu, tajiri wa nchi ya Usi, alikuwa mtu mkamilifu. Na ili tusiwe na shaka, amfanya Mungu mwenyewe aseme hivyo mara mbili mbele ya Shetani. Kisha mali yapotea, watoto kumi wafa katika siku moja, na mwili wa Ayubu wajaa majipu. Sisi tunajua kwamba hakuna kosa lililoyaleta hayo. Ayubu hajui kilichonenwa mbinguni. Marafiki zake hawajui. Basi msomaji amewekwa katika kiti cha hakimu kabla shauri halijaanza, na kila neno litakalosemwa atalisikia akiwa na ushahidi ambao wasemaji hawana.

Waja sasa Elifazi, Bildadi na Sofari. Tusiwadharau. Walisafiri kutoka mbali, walilia walipomwona, wakararua mavazi yao, wakaketi naye chini siku saba usiku na mchana bila kutamka neno. Sijui kama wengi wetu tungeweza siku moja. Tena walipofungua vinywa, hawakusema upuuzi. Elifazi aanza kwa upole wa mtu mzima: amkumbusha Ayubu jinsi alivyowatia nguvu wanyonge, amsimulia ndoto ya usiku iliyomsimamisha nywele, amshauri amrudie Mungu. Nilipokuwa mwanafunzi nilinakili baadhi ya maneno yake katika daftari langu la mithali njema. Miaka ilipita kabla sijaona kwamba nilikuwa nimenakili maneno ya mtu ambaye kitabu chenyewe chamkosoa.

Huo ndio ustadi wa mtungaji ninaouheshimu kuliko mwingine. Mwandishi dhaifu angewapa marafiki hawa maneno ya kipumbavu, ili tuwashinde kwa urahisi. Huyu amewapa maneno mazuri, mafundisho ambayo hata leo yangepokewa vema kanisani: Mungu ni mwenye haki, mwovu hafaulu milele, toba hufungua mlango wa rehema. Kosa lao halimo katika kanuni, bali katika njia wanayoitumia kanuni. Mlevi huanguka mtaroni. Lakini si kila aliyeanguka mtaroni ni mlevi. Wao wameshika kwamba dhambi huleta taabu, kisha wameigeuza kanuni kichwa chini, wakisema kuwa penye taabu pana dhambi.

Angalia basi inakowapeleka. Bildadi, kwa baridi ya kutisha, amwambia baba aliyezika watoto kumi kwamba watoto wale bila shaka walikosa. Sofari asema kuwa Ayubu ameadhibiwa chini ya kiasi alichostahili. Na Elifazi, yule mpole wa kwanza, afika katika sura ya 22 akiwa mtu mwingine kabisa: amshitaki Ayubu kwa kuwanyang'anya maskini nguo, kwa kumnyima maji mwenye kiu, kwa kuwafukuza wajane mikono mitupu. Alimwona nani akifanya hayo? Hakumwona. Kanuni yake ilihitaji dhambi, na dhambi haikuonekana; basi akaitunga. Kwangu mimi hakuna ukurasa wa kitabu hiki unaotisha kama huo, wala majipu hayatishi hivyo. Twamwona mtu wa dini akitoa ushahidi wa uongo ili kumtetea Mungu. Elihu, kijana aingiaye mwishoni, aleta wazo jipya kidogo, kwamba maumivu yaweza kuwa onyo la kumzuia mtu asipotee; lakini naye asema mengi mno, na wataalamu wengi wanadhani sura zake sita ziliongezwa baadaye.

Mungu anaponena kutoka katika upepo wa kisulisuli, ataja bahari, mvua ya mawe, mbuni aachaye mayai yake mchangani, na mnyama wa mtoni ambaye wafasiri wengi wamemwona kuwa kiboko. Amkemea Ayubu kwa kusema asiyoyajua. Lakini dhambi iliyoleta msiba haitaji hata moja. Kisha awageukia marafiki na kuwaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa.

Kanisa lilikisoma kitabu hiki kwa bidii. Papa Gregori Mkuu, katika karne ya sita, alikiandikia maelezo yanayojaa vitabu 35. Na katika Injili mna habari mbili zinazofuata njia ya Ayubu. Wanafunzi wa Yesu walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Tena alipoambiwa habari za watu waliouawa, alikumbusha mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18, akasema hawakuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Hata hivyo, yapasa tuseme kweli yote: katika Injili hiyo hiyo ya Yohana, mtu aliyeponywa kando ya birika aonywa asitende dhambi tena, asije akapatwa na jambo baya zaidi. Basi Ukristo haukuvunja uhusiano wa dhambi na taabu. Wafundisha kwamba mateso ya wanadamu kwa jumla yaliingia pamoja na dhambi ya wazazi wa kwanza, na kwamba makosa mengine huzaa malipo yao hapa hapa duniani. Anachokatazwa Mkristo ni kuyatazama majipu ya mtu mmoja na kuyasoma kama hati ya mashitaka.

Si jambo la vitabuni tu. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1980, sauti nyingi mimbarini zilisema kuwa ni adhabu ya Mungu juu ya wazinzi. Wagonjwa walifichwa, na wengine walizikwa kwa minong'ono. Lakini ndani ya hesabu hiyo walikuwamo wake walioshika ndoa zao, na watoto waliozaliwa na virusi kabla hawajajua kutamka neno dhambi. Wenye kanuni ya Elifazi iliwabidi ama wawasahau hao, ama wawatungie makosa. Mwaka 1992 kasisi wa Kianglikana wa Uganda, Gideon Byamugisha, alitangaza hadharani kwamba yeye mwenyewe ana virusi. Baada ya hapo ilikuwa vigumu zaidi kusema kwamba mgonjwa ni mtu wa nje, aliyesimama mbali na madhabahu. Makanisa yale yale, tusisahau, yaliwauguza wengi na kulea yatima. Nadhani kazi ya mikono yao ilitangulia maneno ya vinywa vyao.

Turudi kitabuni, maana mna jambo linalonitatiza. Mwishoni Ayubu arudishiwa mali maradufu: kondoo 7,000 wawa 14,000, ngamia 3,000 wawa 6,000. Je, si kanuni ya marafiki hiyo inayorudi kwa mlango wa nyuma, kwamba mwema hatakosa kutajirika? Wako wasomi waonao kuwa mwisho huu waharibu kitabu. Mimi nasita. Naona kwamba mtungaji aliyejua kuzidisha mifugo kwa mbili hakuzidisha watoto: walikuwa kumi, na waliozaliwa baadaye ni kumi. Hakuna aliyemrudishia Ayubu wale wa kwanza. Wala hakuna aliyemwambia habari za Shetani na shauri la mbinguni. Alikufa mzee, amejaa siku, bila kujua sababu.

Na kabla ya ngamia kuna tendo jingine, ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Marafiki waamriwa kuchukua ng'ombe saba na kondoo waume saba, waende kwa mtu yule yule waliyemshitaki, naye awaombee. Wakaenda. Ayubu akawaombea, na wakati huo mali yake ilikuwa haijarudi.