Heroe Wazuri, Joho Baya

Nairobi haina treni ya chini ya ardhi. Ingekuwa nayo, kituo kikubwa kingekuwa hapo kati ya Archives na Hilton, maana jiji lote tayari linashukia hapo. Sisi tuna steji ya Ambassadeur, makanga wanaokuvuta mkono, mama wa njugu, na Tom Mboya amesimama katikati ya hayo yote tangu Oktoba 2011, Rais Kibaki alipozindua sanamu yake. Ukimwambia mtu "tupatane Mboya," hatakuuliza Mboya gani. Hiyo peke yake ni kazi ambayo sanamu nyingi za hii tao zimeshindwa kuifanya.

Nimeipita mara nyingi nikikimbilia gari, na msimamo wangu haujabadilika: heroe ni wazuri, joho ni kosa.

Heroe ni wale ndege ambao wengi wetu tunawaita flamingo. Mchongaji, Oshottoe Ondula, amewaweka miguuni pa Mboya. Ni ndege wa kuhamahama, na hapa wanasimama badala ya vijana waliopelekwa kusoma Marekani. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya kukodi ilibeba wanafunzi 81. Kufikia 1963 walikuwa karibu 800, kutoka Kenya na majirani zake. Ondula angeweza kutuchongea eropleni, au vijana wa suti walioshika vyeti, na tungeichoka kitambo. Badala yake ametupa viumbe wa Nakuru na Bogoria, miguu myembamba, shingo ndefu. Mtoto akipita anaona ndege na anafurahi. Anayejua historia anasimama kidogo, anafikiria nani alirudi na nani alibaki huko.

Sasa joho. Mboya amevalishwa vazi pana la Afrika Magharibi, na sababu ipo. Desemba 1958, akiwa na miaka 28 tu, aliongoza kikao cha mataifa ya Afrika kule Accra. Sawa. Lakini ukimweka na vazi hilo kwenye steji anakuwa mzee wa heshima aliyekuja kufungua harambee. Mboya wa hapa tauni alikuwa mwingine kabisa. Alisomea ukaguzi wa afya, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaandikwa kazi na kanjo. Ndiyo, kanjo, hao hao wanaomfanya muuza soksi akunje gunia lake mbio. Siku moja yuko peke yake kazini, mwanamke Mzungu akaingia, akaangalia huku na huku, akauliza kama hakuna mtu. Kijana naye akamuuliza kama macho yake yana shida. Kisa hicho Mboya alikisimulia mwenyewe. Ni huyo kijana aliyewapanga wafanyakazi wenzake kwenye chama, hadi akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Huyo simwoni kwenye sanamu hata kwa dawa.

Na digrii? Hakuwa nayo. Alisoma mwaka mmoja Ruskin College, Oxford, akarudi kuendelea na kazi. (Mimi niliyeacha chuo katikati huwa nawakumbusha mashangazi zangu jambo hili kila Krismasi. Halisaidii.) Sanamu inatuonyesha elimu kama kupaa kwenda mbali, wakati aliyepanga safari hizo alijifunza mengi yake papa hapa, kwenye vumbi la jiji hili. Wenye bahasha za kaki wanaongoja matatu karibu naye, vyeti ndani, CV nakala kumi, wangefaidika na Mboya huyo kuliko huyu wa joho.

Kuna kimya kingine kinachonikera zaidi. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, waziri wa mipango ya uchumi, miaka 38, alipigwa risasi akitoka duka la dawa kwenye barabara hii hii, ikiitwa Government Road kabla ya kuwa Moi Avenue. Sanamu iko hapa kwa sababu ya risasi hizo, ni hatua chache tu kutoka hapo, lakini umbo lake halisemi lolote kuzihusu. Mtu mmoja alihukumiwa akanyongwa. Swali la nani alimtuma likabaki mitaani. Ukitembea kidogo utamfikia Dedan Kimathi, aliyesimamishwa mwaka 2007 na bunduki mkono mmoja, kisu mkono mwingine. Kimathi huwezi kumwangalia bila kujiuliza alikuwa anapigana na nani. Mboya ametulia mno. Unapiga naye selfie, unapanda gari, unaenda nyumbani.

Sidai abomolewe. Heroe wakae, na joho, basi, tumeshalizoea. Ningetaka tu jiwe dogo kwenye lami, pale alipoangukia, lenye tarehe na hakuna zaidi, mahali ambapo watu watalikanyaga saa kumi na mbili jioni wakikimbilia gari kabla nauli haijapanda.