Istilahi za Viza ya Kuungana na Familia

Zipo tafsiri ambazo hupita mikononi mwa wananchi bila kuonwa na mhariri wala mwanaisimu yeyote. Fomu na vipeperushi vya maombi ya viza kwa ajili ya kuungana na jamaa walioko nchi za nje ni miongoni mwa hizo. Mfasiri wa riwaya akiteleza, msomaji hukunja uso akaendelea na ukurasa unaofuata. Mfasiri wa fomu akiteleza, mke hubaki Tanga na mume hubaki Hamburg. Tunakusudia hapa kuzipima istilahi chache zitumikazo katika tafsiri hizo. Maneno ya udugu tunayo, tena mengi kuliko Kiingereza. Kasoro ni kwamba mfasiri huyaokota bila kujiuliza sheria inataka mpaka uwekwe wapi.

Jina lenyewe la viza limekwisha kupata sura tatu au nne. Neno "viza" limekubalika na hatuna ugomvi nalo. Ugomvi wetu ni na "kuunganisha familia upya" na, baya zaidi, "muungano mpya wa familia", utadhani ni mataifa mawili yanayotiliana saini. Neno "upya" linadai kwamba wahusika walipata kuishi pamoja, kisha wakatengana. Sheria haidai hivyo. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2003/86, la tarehe 22 Septemba 2003, laeleza wazi kwamba ni mamoja uhusiano wa kifamilia uwe ulianza kabla ya mhamiaji kuingia Ulaya au baada yake. Bibi aliyeolewa Morogoro na mtu aliyekuwa amekwisha kuhamia Ujerumani huenda hajapata kukaa naye nyumba moja hata kwa mwezi mmoja. Asomapo "upya" ana haki ya kudhani kwamba fomu hiyo si yake. Wajerumani wenyewe hutumia neno lenye maana ya jamaa kuja nyuma ya aliyetangulia, nalo lakaribiana sana na usemi wetu wa kila siku: "amemfuata mumewe". Twapendekeza "kuungana na familia" liwe jina rasmi, na "kumfuata" litumike katika maelezo.

"Mdhamini" nalo limebebeshwa mizigo miwili. Kwa sheria ya Marekani, anayemwombea jamaa yake hutia saini hati ya kujifunga kumkimu, na hati hiyo yaweza kudaiwa mahakamani. Huyo ni mdhamini kweli. Lakini katika Agizo la Ulaya, anayetajwa kwa neno lile lile la Kiingereza ni mkazi halali tu ambaye jamaa zake wanataka kumfuata. Nchi yaweza kumtaka aonyeshe kipato na nyumba, bila yeye kuwekewa dhamana. Huyo yafaa aitwe "mwenyeji".

Lililotutia wasiwasi zaidi ni "mwenza". Fomu kadhaa zauliza "jina la mwenza wako". Siku hizi neno hili hutumika sana kwa maana ya mume au mke, wala hatutumaini kwamba matumizi hayo yatafutika. Lakini mwanamke wa makamo wa Pangani au Unguja, aliyekua akisikia "mke mwenza" na "ukewenza", akiulizwa mwenza wake ni nani aweza kumtaja mke mwenziwe, naye hatakuwa amekosea Kiswahili. Agizo tulilolitaja, katika Ibara ya 4, lakataza mwenyeji ambaye tayari anaishi na mke katika nchi mwanachama kuletewa mke mwingine. Hivyo jibu lililo sahihi kwa lugha laweza kuwa ndilo linalofunga mlango. "Mume" na "mke" ni maneno mafupi, yasiyo na utata wowote. Pale fomu isipojua jinsia ya mjazaji, iandikwe "mume/mke". Ni uchache gani wa wino unaotufanya tuyakwepe?

Mkanganyiko wa "kambo" umeanzia nyumbani. Katika lugha ya siku zote, mtoto wa kambo ni yule ambaye mume au mke alimzaa na mtu mwingine. Lakini katika Tanzania, maofisa wa ustawi wa jamii wamezoea kuita "malezi ya kambo" ule utaratibu wa mtoto kukabidhiwa kwa muda kwa familia isiyo yake. Kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani, mtoto wa kambo wa aina ya kwanza huhesabiwa mtoto wa mwombaji endapo ndoa ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Wa aina ya pili hahesabiwi. Aliyeasiliwa huhesabiwa, kwa kawaida iwapo aliasiliwa kabla ya miaka 16 na amekaa na wazazi hao miaka miwili. Twashauri "kambo" lirudishiwe maana yake ya zamani, na utaratibu ule uitwe "malezi ya muda", ingawa twajua kwamba wahusika watatujibu kuwa fomu zao zimekwisha kuchapwa.

Linabaki "mwanangu". Aliyemlea mtoto wa marehemu dada yake humwita mwanangu, na mtoto humwita mama. Dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo, na adabu ya lugha haidai kivumishi kila mara. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilipima vinasaba vya watu wapatao 3,000, kuanzia Nairobi kisha katika nchi nyingine za Afrika, miongoni mwa walioomba kuwafuata jamaa zao waliopewa hifadhi huko. Maombi ambayo uhusiano wote uliodaiwa ulithibitika kuwa wa damu hayakufika asilimia 20. Mpango ukasimamishwa, usifunguliwe hadi mwaka 2012. Waliopimwa mwanzo Nairobi walikuwa hasa Wasomali na Waethiopia, na udanganyifu ulikuwapo, hatuukani. Lakini vinasaba havipimi ulezi, na fomu isiyomwuliza mtu "ulimzaa au ulimlea?" haijampa nafasi ya kusema kweli. Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ajazapo fomu kwa Kiswahili hukabiliwa na shimo hilo hilo.

Kwa hiyo fomu zitenganishe "mwana wa kuzaa" na "mwana wa kulea", na "ndugu" asiachwe peke yake: awe wa baba na mama, wa baba mmoja, au wa mama mmoja. Sheria ya Marekani humruhusu raia aliyetimiza miaka 21 kumwombea ndugu yake, hata wa mzazi mmoja. Mtoto wa mama mdogo, ambaye kwetu ni ndugu kamili, hamo. Mfasiri anayeipeleka barua ya mwombaji katika Kiingereza asione haya kumwuliza mwenye barua ni nani aliyemzaa huyo ndugu. Ofisa wa viza hatauliza, atasoma lililoandikwa.