Aksanti kwa kitabu cha msitu: Malaisse na wasomaji wa Lubumbashi

Kitabu kitokacho kwa rafiki wa zamani humtia mhakiki mashakani, kwani shukrani humvuta huku na uchambuzi kule. Ndivyo ilivyo kwa *Se nourrir en forêt claire africaine* cha François Malaisse, kilichochapishwa Gembloux, Ubelgiji, mwaka 1997. Mtaalamu huyo wa mimea alifundisha miaka mingi katika chuo kikuu cha Lubumbashi na kuuchunguza msitu wa miombo unaouzunguka mji. Kazi yake yaweza kusomwa kama zawadi kwa mji uliompokea.

La kusifiwa kwanza ni kitenzi cha jina lake: kujilisha. Vitabu vya mimea kwa kawaida huanzia kwenye jani na ua. Hiki huanzia mdomoni. Matunda, asali, uyoga na viwavi vinaingia humo kama chakula, na mwanachuoni anajikuta upande mmoja na mama auzaye masuku sokoni. Toleo la Kiingereza la mwaka 2010 liliharibu jambo hili kidogo, kwani jina lake linataja kuishi na kunusurika. Anayenusurika ni mgeni aliyepotea njia. Mwenyeji wa miombo hula kwa msimu, huchagua, na ana ladha yake.

Uzito wa kitabu umezidi kwa wakati. Uyoga mwingi wa miombo hauoti peke yake: nyuzi zake zimeshikamana na mizizi ya miti kama *Brachystegia* na *Julbernardia*, na viwili hivyo hulishana. Mti ukikatwa kwa ajili ya makaa (Lubumbashi husema makala), uyoga wa aina hiyo hutoweka nao. Ule wa vichuguuni, ambao hulimwa na mchwa, una maisha mengine. Kwa kuwa miombo imerudi nyuma sana kandokando ya mji, maelezo ya mlo wa mwaka 1997 yanakaribia sasa kuwa kumbukumbu.

Upungufu uko katika lugha. Majina ya wenyeji yamewekwa kwa uangalifu kando ya yale ya Kilatini, lakini msimulizi ni Kifaransa. Kiswahili ambacho uyoga huo hununuliwa nacho hakikupewa nafasi ya kueleza lolote. (Lawama si ya Malaisse peke yake, wataalamu nao wamekizoea Kiswahili cha Katanga kama lugha ya migodi.) Na tangu Johannes Fabian achapishe mwaka 1990 historia ya mji iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965, hakuna awezaye kudai kwamba Kiswahili hicho hakiandikiki.

Basi mwanafunzi wa Lubumbashi atakaye kusema aksanti anayo kazi: aende sokoni wakati wa mvua, awaulize wauzaji jina la kila uyoga, mti unakoota chini yake na namna ya kuupika, kisha ayaandike majibu jinsi yalivyotamkwa. Wengi wa wauzaji hao ni wanawake.